Breki za ABS kwenye Pikipiki: Bana, Shikilia, Usiachie

Dereva aliyejifunzia kwenye bodaboda ya kawaida ana mguu wa kulia unaojua kazi na mkono wa kulia wenye woga. Tangu siku ya kwanza kijiweni aliambiwa: "Ya mbele usiiguse, itakurusha." Kwa hiyo hatari ikitokea anakanyaga ya nyuma mpaka mwisho, tairi linafunga, mkia wa pikipiki unayumba kulia na kushoto, na safari inaishia ubavuni. Siku akinunua pikipiki yenye ABS, yaani mfumo unaozuia tairi lisifunge ukibana breki, anahamia nayo na tabia zile zile. Mfumo upo, ameulipia, ila mkono bado unaogopa kuuita kazini.

Mwongozo huu ni wa kumtoa woga huyo. Ni pia wa ndugu yake wa upande wa pili, anayeamini kwamba mwenye ABS anaweza kuchomekea popote kwa mwendo wowote. Kusema kweli, huyu wa pili ndiye anayenitisha zaidi.

Kwanza, ABS inafanya nini

Tairi likiwa linazunguka huku limeshika barabara linakufanyia mambo mawili: linapunguza mwendo na linatii usukani. Likifunga, yaani likiacha kuzunguka ilhali pikipiki bado inakwenda, linateleza na yote mawili yanapotea. La nyuma likifunga bado una nafasi ya kujitetea. La mbele likifunga, mara nyingi uko chini kabla hujajua kilichotokea, na hapo ndipo ulipozaliwa ule usemi wa "itakurusha".

Kwenye pikipiki yenye ABS, gurudumu lina pete ya chuma yenye matundu au meno, na pembeni yake kuna sensa inayosoma kasi ya mzunguko. Kompyuta ndogo ikiona gurudumu linapunguza kasi ghafla kupita kiasi, inaamuru vali zilegeze kidogo presha ya mafuta ya breki, kisha ziirudishe, kisha zilegeze tena, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hakuna kidole cha binadamu chenye kasi hiyo. BMW walipouweka mfumo wa kielektroniki kwenye pikipiki yao ya K 100 mwaka 1988, mtambo wenyewe ulikuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Siku hizi ipo mitambo isiyofika kilo moja, ndiyo maana ABS imeshuka mpaka kwenye pikipiki za cc 150.

Kitu ambacho ABS haiwezi kufanya ni kuongeza mshiko ambao barabara haina. Tairi kipara linabaki kipara. Wala haipunguzi muda wako wa kushtuka. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula meta 17 kabla hata hujagusa breki. Ukibana vizuri kwenye lami kavu utahitaji kama meta 20 nyingine ili usimame, jumla 37. Ukiwa kwenye 80, jumla inakaribia meta 58. Umeongeza kilomita 20 tu kwenye spidi mita, lakini umeongeza meta 21 za kusimama, na meta hizo hakuna kompyuta itakayokurudishia.

Hatua ya 1: Jua una ABS ya aina gani

Usiamini stika. Neno ABS kwenye madigadi linaweza kuwa limebandikwa na yeyote. Chuchumaa karibu na gurudumu la mbele, angalia kando ya diski: unatakiwa uone pete nyembamba yenye matundu inayozunguka pamoja na gurudumu, na sensa iliyoielekea kwa pengo dogo sana, waya wake ukipanda sambamba na bomba la breki. Kisha nenda nyuma uangalie vivyo hivyo.

Ukikuta pete mbele peke yake, una ABS ya chaneli moja. Maana yake tairi la mbele linalindwa, la nyuma litafunga kama lilivyokuwa likifunga zamani, na mguu wako bado unatakiwa uwe na adabu. Ukikuta mbele na nyuma, mara nyingi una chaneli mbili.

Hili la chaneli lina sababu yake. Kule India, tangu Aprili 2019 kila pikipiki mpya inayozidi cc 125 lazima iwe na ABS, lakini sheria iliridhika na chaneli moja. Pikipiki nyingi za barabara zetu asili yake ni huko, ndiyo maana chaneli moja imejaa. Tena toleo la kuuzwa nje ya India linaweza kuja bila ABS kabisa hata kama jina na rangi ni vile vile. Aliyeona video ya pikipiki fulani ikisimama kwa madaha asidhani ile iliyoko dukani mtaani kwake ni hiyo hiyo.

Kuna pia breki za pamoja, ambazo ukikanyaga pedeli ya nyuma na ya mbele inashika kidogo. Ni nzuri kwa mtu anayeogopa breki ya mbele, ila hizo si ABS. Tairi linaweza kufunga.

Hatua ya 2: Isome taa kabla ya kuondoka

Ukiwasha swichi, taa ya ABS kwenye dashibodi inatakiwa kuwaka au kumweka. Haizimiki hapo hapo. Mfumo unasubiri uone magurudumu yakizunguka, kwa hiyo taa huzimika ukishatembea kidogo, kwa kawaida ukivuka mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Watu wengi wananunua wasiwasi bure hapa: wanaona taa inawaka pikipiki ikiwa imesimama, wanakimbilia kwa fundi.

Taa ya kukutia mashaka ni ile inayobaki inawaka hata ukiwa kwenye 30 au 40. Nyingine ni ile isiyowaka kabisa unapofungua swichi. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu hailalamiki. Huenda imekufa, au mwenye pikipiki wa kwanza aliizima kwa makusudi ili auze.

Hatua ya 3: Kagua vinavyoitegemea

Upepo wa matairi, kina cha kashata zake, unene wa pedi. Haya unayajua.

Kinachosahaulika ni mafuta ya breki. Yanavuta unyevu kutoka hewani hata usipoendesha, na yakishavuta unyevu yanachemka mapema breki zikipata moto. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Soma kifuniko cha kikopo chake pale kwenye usukani: pikipiki nyingi zimeandikwa DOT 4, ndiyo daraja la mafuta hayo. Nunua chupa iliyofungwa, usikubali mabaki yaliyokaa wazi gereji. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na DOT 4, usiiweke. Na oili ya injini au ya hidroliki ni marufuku kabisa, itavimbisha mipira ya ndani, na mtambo wa ABS ukiharibika utajutia ile elfu kumi uliyookoa.

Ukiosha pikipiki, sugua tope kwenye pete na sensa kwa brashi laini. Usielekeze maji ya presha moja kwa moja kwenye sensa.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi, na hapa usiwe na haraka

Tafuta lami iliyonyooka, kavu, isiyo na mchanga wala magari. Kiwanja kikubwa chenye lami asubuhi ya Jumapili kinafaa, ukiomba ruhusa. Vaa helmeti iliyofungwa kidevuni, glovu, viatu vinavyofunika kifundo, suruali na jaketi nzito. Usibebe mtu. Awepo mwenzako pembeni wa kuangalia.

Kama una chaneli mbili, anza na breki ya nyuma peke yake. Nenda 30, achia mafuta, shika klachi, kanyaga pedeli mpaka mwisho na uiache hapo hapo. Utasikia *trrrr* na pedeli itakusukuma unyayo kutoka chini. Ndiyo salamu ya ABS. Rudia mpaka mguu usishtuke. Mwenye chaneli moja aruke zoezi hili, kwake tairi litafunga tu.

Sasa breki ya mbele. Anza na 20, kisha 30, kisha 40. Usipande mwendo mpaka ule wa chini umekuwa jambo la kawaida. Kaa sawa: macho mbele kabisa unakotaka kusimamia, wala si kwenye tairi; magoti yabane tangi; viwiko vikunjwe kidogo. Mikono ikikakamaa, kila mtikisiko wa usukani unaingia mwilini na mwili wako unaurudisha kwenye usukani.

Kubana kwenyewe kuna namna yake. Vidole vinavuta kwanza ule ulegevu wa mwanzo mpaka pedi ziguse diski. Shokapu za mbele zinabonyea, uzito wote unahamia mbele, tairi linakandamizwa kwenye lami. Hapo ndipo linapopata nguvu ya kupokea breki kubwa, basi endelea kubana, zaidi, zaidi, mpaka mwisho. Yote hayo yanatokea chini ya sekunde moja, lakini ni kubana, kamwe isiwe kukwapua. Ukikwapua mkono wa breki kabla uzito haujahama, ABS itakuokoa usianguke, lakini itaanza kulegeza mapema na utasimama mbali zaidi ya ambavyo ungeweza.

Ukifika mwisho, mkono wa breki utaanza kugonga vidole. Hapa ndipo karibu kila mwanafunzi anaachia. Anasimama mbele huko, anageuka na macho makubwa: "Kaka, breki inapiga! Imekufa!" Haijafa, dogo. Ndiyo inafanya kazi. Rudi, na safari hii ikipiga ongeza nguvu. Zoezi zima lipo kwa ajili ya sekunde hiyo moja, kuufundisha mkono kwamba mtetemo ule ni ishara ya kuendelea kubana. Ukiachia, unaitoa ABS kazini pale pale ilipoanza kukusaidia.

Tabia nyingine ya kuiacha kiwanjani ni kupampu breki. Waliojifunza zamani waliambiwa wagonge na kuachia, gonga na kuachia, ili tairi lisifunge. Kwenye ABS unafanya kazi ambayo mashine inaifanya vizuri kuliko wewe, na kila unapoachia unapoteza meta.

Mbele na nyuma kwa pamoja ndiyo breki kamili. Bana mkono, kanyaga mguu, na vuta klachi kabla injini haijazima. Mwishoni kabisa, mwendo ukishakuwa mdogo sana, ABS hujitoa yenyewe, kwa hiyo tairi linaweza kufunga kwenye hatua ile ya mwisho. Si hitilafu. Weka mguu chini, usimame.

Tahadhari moja inayopingana na niliyosema: pikipiki fupi na nyepesi, kwenye lami inayoshika sana, inaweza kunyanyua gurudumu la nyuma ukibana mbele kwa nguvu zote. ABS nyingine hulizuia hilo, nyingine hazijui. Ukihisi makalio yanapanda, legeza mbele kidogo tu, kisha rudi kubana.

Hatua ya 5: Siku yenyewe ikifika

Bajaji imegeuza ghafla mbele yako. Achia mafuta, bana vyote viwili, shikilia, tazama nafasi iliyo wazi. Kwa kuwa tairi la mbele bado linazunguka, usukani bado unakusikiliza, na unaweza kusogea kidogo kuikwepa huku ukiendelea kupunguza mwendo. Neno ni "kidogo". Ukitaka kukata kwa nguvu, legeza breki kwanza.

Macho yakiganda kwenye ubavu wa bajaji, mwili utakupeleka kwenye ubavu wa bajaji.

Mvua na mchanga juu ya lami

Hapa ndipo ABS inalipa deni lake lote. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua oili na vumbi vya miezi kadhaa, na lami inateleza kuliko itakavyoteleza wiki mbili baadaye. Vituo vya daladala, rangi nyeupe za kivuko, mifuniko ya chuma ya chemba, mchanga uliomwagwa na lori la kifusi: kwenye vyote hivyo mkono mzuri kabisa bila ABS unaweza kufungisha tairi. Ukiwa na ABS unabana, inapiga, unabaki wima. Lakini utasimama mbali zaidi. Lami iliyolowa ikipunguza mshiko karibu nusu, zile meta 20 za kwenye 60 zinasogea mpaka 35. Acha nafasi.

Ukishazoea lami kavu, rudia mazoezi kwenye lami iliyolowa, kwa 30 tu.

Vumbi na changarawe

Kwenye kifusi kisichoshikana, tairi lililofunga hujichimbia na kukusanya udongo mbele yake, na rundo hilo linasaidia kusimama. ABS hailiruhusu tairi lifunge, basi rundo halipatikani na unakwenda mbali zaidi. Kwenye barabara ya vumbi yenye vimatuta mfululizo, gurudumu linaruka-ruka, kila likiruka sensa inadhani linafunga, ABS inalegeza. Ukishuka mlima wa namna hiyo unaweza kuhisi kama breki hazipo. Dawa yake ni kupunguza mwendo mapema na kushuka kwa gia ndogo.

Baadhi ya pikipiki za kwenda porini zina kitufe cha kuzima ABS ya nyuma. Kitumie kwenye vumbi, ya mbele iache ifanye kazi, na ukirudi kwenye lami hakikisha imewaka tena. Pikipiki isiyo na kitufe hicho usiichomoe fyuzi. Utaua ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, na jioni kwenye lami utakuwa umesahau.

Miteremko mirefu ya lami kama Kitonga nayo ina sheria yake. Injini ndiyo ikushikilie, breki ziguswe kwa vipindi. Breki zikipata moto mpaka mafuta yachemke, mkono wa breki unaingia mpaka kwenye usukani bila kushika chochote, na ABS haina presha ya kuchezea.

Kwenye kona

ABS ya kawaida haijui kama umelala au umesimama wima. Ukiwa umelala kwenye kona, sehemu kubwa ya mshiko wa tairi inatumika kukugeuza na kilichobaki kwa breki ni kidogo. Ukibana kwa nguvu, pikipiki inataka kusimama wima na kwenda moja kwa moja, nje ya kona, kwenye upande wa lori linalokuja. Maliza breki kabla ya kuingia. Ukikutana na ng'ombe katikati ya kona, inyooshe pikipiki kwanza kama kuna nafasi, kisha bana kabisa. Kama hakuna nafasi, bana taratibu, mbele na nyuma.

Zipo pikipiki zenye sensa ya kupima mlalo, mfumo ambao KTM na Bosch waliuingiza sokoni kwenye 1190 Adventure ya 2014. Ni kitu cha maana. Ni ghali pia, na mchanga kwenye kona hauusamehe.

Ukiwa na abiria au mzigo

Mwambie abiria ashike vishikio na asikulalie mgongoni. Ukibana ghafla na hajajiandaa, anakuja wote mgongoni kwako na mikono yako inakandamizwa kwenye usukani wakati unaihitaji iwe huru. Mishikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, ni habari nyingine. Mfumo wa breki ulipangwa kwa watu wawili.

Taa ikikataa kuzimika

Usiitupe pikipiki barabarani. Kwa kawaida breki za kawaida bado zinafanya kazi, ila sasa tairi linaweza kufunga, kwa hiyo punguza mwendo na bana kama mtu asiye na ABS. Kama mkono wa breki ni laini isivyo kawaida au unaingia mpaka mwisho, hapo usiendelee.

Kabla hujalipa mtu, jiulize ulichofanya karibuni. Uliosha cheni pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, injini inanguruma na gia imeingia? Gurudumu la nyuma lilizunguka, la mbele limesimama, kompyuta ikaona jambo lisilowezekana ikawasha taa. Zima swichi, washa, tembea kidogo. Mara nyingi inazimika. Betri imechoka? Umefunga tairi la saizi tofauti na ile ya kiwandani? Kompyuta inalinganisha mizunguko ya mbele na ya nyuma, na saizi ngeni inaipotosha.

Kama umetoka kuziba pancha, angalia pete. Fundi pancha akiliegemeza gurudumu chini upande wa diski, au chuma chake cha kubandulia tairi kikiteleza, pete inapinda kidogo ambacho jicho halioni haraka. Nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono taratibu, na tazama pengo kati ya pete na sensa: likipanuka na kubana katika mzunguko mmoja, pete imepinda. Usiruhusu inyooshwe kwa nyundo, badilisha. Na fundi akisema mfumo una hewa, muulize kwanza kama ana mashine ya kusoma kompyuta ya pikipiki yako, kwa sababu kwenye baadhi ya pikipiki hewa iliyonasa ndani ya mtambo wa ABS haitoki kwa kupampu peke yake. Akisema atakata waya wa taa ili "isisumbue", chukua ufunguo wako.